Basi la watalii likifika Mji wa Kale, litamkuta nani?

Wiki hii naandika nikiwa Ndalu, kaunti ya Bungoma, hapa ambapo ukivuka kidogo tu uko Trans Nzoia na matatu za Kitale zinapita tangu alfajiri. Binti wa dada yangu ameolewa huku, na nimekuja na mpwa wangu kumjulia hali baada ya kujifungua. Ni nchi ya mahindi na baridi. Mtu wa Mombasa akija huku mwezi huu hulala na sweta.

Jana baada ya Isha tulikaa sebuleni na mkwe wetu, mzee wa Kibukusu aliyepita miaka sabini. Mpwa wangu alikuwa akitazama video kwenye simu. Binamu yake aliyeko London amejirekodi akizunguka jiji kwenye lile basi jekundu la watalii lisilo na paa, kisha anashuka na kuingia mtaa wa Wachina. Taa nyekundu zinaning'inia juu ya barabara, kuna lango kubwa lenye rangi ya dhahabu, na watu wamejaa wakipiga picha.

Mzee akaomba aone. Akatazama mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hivyo hawa wamelipa pesa kwenda kutazama watu wengine wakiuza chakula?" Tukacheka. Halafu akauliza swali la pili, na hilo ndilo lililoninyima usingizi: "Na hizo nyumba ni zao, hao Wachina?"

Nilikuwa na jibu kwa sababu basi hilo nami nimelipanda, miaka michache kabla ya korona, nilipokwenda kumtembelea ndugu yangu. Unanunua tiketi moja ya siku nzima. Unashuka kituo unachokitaka, unatembea, kisha unapanda basi jingine la kampuni ile ile likipita. Kwenye kiti kuna tundu la kuchomeka visikizi, na unachagua lugha ya maelezo. Kiswahili hakikuwamo. Nilishuka karibu na Piccadilly Circus nikaenda kwa miguu, maana Gerrard Street, ambayo ndiyo moyo wa mtaa huo, ni barabara ya watembeao. Madirishani kulikuwa na bata waliochomwa, na nyama nyingine ambayo Muislamu akiiona hugeuza uso. Nilitosheka na ndizi mbili nilizotiliwa mfukoni nyumbani.

Jambo ambalo yule msimulizi wa kwenye visikizi hakulieleza ni kwamba Wachina wa London hawakuanzia pale. Mtaa wao wa kwanza ulikuwa Limehouse, kule mashariki karibu na gati, na wakazi wake walikuwa mabaharia. Mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia na bomoabomoa za serikali ziliwamaliza kule. Wakahamia Gerrard Street miaka ya 1950 na 1960 kwa sababu wakati huo ilikuwa sehemu ya ovyo yenye kodi nafuu. Wakafungua mikahawa. Miaka ya 1980 ndipo halmashauri ya jiji ilipoweka malango na kuufunga mtaa kwa magari, na watalii wakaanza kumiminika.

Sasa jibu la swali la mzee. Hapana, nyumba nyingi si zao. Sehemu kubwa ya majengo ya mtaa ule inamilikiwa na kampuni kubwa ya nyumba ambayo hisa zake zinauzwa sokoni. Wenye mikahawa ni wapangaji. Taa nyekundu zikivuta watu, thamani ya jengo inapanda. Thamani ikipanda, kodi inapanda. Kodi ikipanda, yule mzee aliyepika tambi pale miaka thelathini anafunga duka. Sura yake ndiyo iliyouza mtaa, lakini faida ya sura hiyo imeingia mfuko mwingine. Tarehe 24 Julai 2018 mikahawa na maduka mengi ya mtaa huo yalifungwa kwa saa kadhaa kulalamikia misako ya maafisa wa uhamiaji. Siku ile watalii walikuta milango imefungwa. Ilikuwa njia yao ya kuukumbusha mji kwamba taa bila watu ni mapambo tu.

Kuna mtaa mwingine wa Wachina ambao historia yake inatufaa zaidi sisi watu wa Pwani, nao ni wa San Francisco, Marekani. Mwaka 1882 Marekani ilipitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini, na sheria hiyo haikufutwa hadi 1943. Katikati ya kipindi hicho, tarehe 18 Aprili 1906, tetemeko la ardhi na moto vikaliteketeza jiji, na mtaa wa Wachina ukawa majivu. Wakubwa wa jiji wakaona hiyo ndiyo nafasi. Ardhi ya katikati ya mji ilikuwa tamu, wakapanga kuwahamishia Wachina pembezoni, Hunters Point.

Wachina wakakataa kuhama. Mfanyabiashara mmoja, Look Tin Eli, akaja na wazo la kuujenga upya mtaa kwa mapaa yaliyopinda na minara ya Kichina, ili Wamarekani wenyewe waje kuutazama na kutumia pesa. Wasanifu wa majengo walikuwa Wazungu ambao wengi hawajawahi kuiona China. Kwa hivyo uchina ule ulioko kwenye kuta ulitengenezwa kwa ajili ya mgeni. Lakini uliokoa mtaa. Jiji lililotaka kuwafukuza likajikuta linajivunia kuwa nao, na leo mabasi ya watalii hupita pale kila siku.

Tusidanganyike kwamba mapaa peke yake ndiyo yaliyowalinda. Nyuma ya mapaa kulikuwa na vyama vya koo na vya watu waliotoka wilaya moja kule kwao. Vyama hivyo vilichanga pesa, vikanunua majengo, na mengi vinayo hadi leo. Na miaka ya 1980, maghorofa ya ofisi yalipotishia kuumeza mtaa, wakazi walipigania kanuni za ujenzi mpaka wakazipata. Basi ni lile lile na taa ni zile zile London na San Francisco. Tofauti iko kwenye karatasi za umiliki, na kwenye nani huitwa mkutanoni jiji linapoamua jambo.

Ndugu msomaji, sasa turudi nyumbani. Mji wa Kale wa Mombasa hauna upungufu wa sifa. Fort Jesus iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2011. Mji wa Lamu ulitangulia mwaka 2001, na Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2000. Meli za watalii zikitia nanga Kilindini, wageni hupakiwa mabasini, huletwa ngomeni, hutembezwa Ndia Kuu, hupiga picha milango, kisha hurudishwa melini au hupelekwa mbugani. Kila baada ya muda husikia mtu akisema Mombasa nayo inahitaji basi la kisasa la kuzungusha watalii, la kupanda na kushuka kama miji mikubwa. Mimi sipingi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila nauliza kama mkwe wetu wa Ndalu: mwenyeji huyo ni nani, na nyumba ni ya nani?

Kila mtu wa Kibokoni, Kuze au Mkanyageni anajua kinachotokea. Babu anafariki, nyumba inabaki ya warithi kumi na wanne. Watatu wako Jeddah na Muscat, mmoja Toronto, na waliobaki hawasemezani. Anakuja mnunuzi na pesa taslimu, kila mtu anapewa chake, na mwaka unaofuata nyumba ni hoteli ndogo yenye jina la Kiswahili na menyu ya Kitaliano. Lamu hali ni hiyo hiyo. Simlaumu aliyenunua, amenunua kilichouzwa. Lakini watoto wa nyumba ile sasa wanapanga Kisauni, na wakirudi mtaani wao huja kuwa watembeza wageni.

Na hao watembeza wageni, wasipokuwa na elimu, huuza hadithi za uongo. San Francisco zamani palikuwa na madalali waliowapeleka watalii kwenye mapango bandia ya kasumba, na watu wa kulipwa wakijifanya walevi, mpaka Wachina wote wakachafuliwa jina. Kwetu nimemsikia kwa masikio yangu kijana akimwambia mgeni kwamba misumari ya shaba kwenye mlango wa babu zake iliwekwa kuzuia ndovu. Ndovu wa wapi, Mlango wa Papa? Ni hadithi ya Bara Hindi iliyobandikwa kwetu. Asiyejisimulia mwenyewe husimuliwa na wengine, na akizoea huanza kuamini.

Tusisahau pia kwamba sisi wenyewe tumewahi kuwa na mitaa kama ile ya Wachina. Waswahili walifuata misafara na baadaye reli hadi bara. Si mbali na hapa nilipo, Mumias, walifika tangu karne ya kumi na tisa, na misikiti ya huko ni ushahidi. Nairobi kulikuwa na kijiji cha Pangani, mji wa Waswahili kwa mila na dini. Mwishoni mwa miaka ya 1930 wakoloni wakakibomoa na kuwahamisha watu. Nyumba zilikuwa zao, ardhi haikuwa yao. Hata Majengo ya Mombasa wengi tumekulia kwenye ile tunayoiita nyumba bila ardhi: kuta na mabati ni yako, udongo ulio chini una mwenyewe unayemlipa kodi. Mizizi ya jambo hilo inarudi hadi sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908, iliyowapa hati wachache waliojua njia ya afisini na kuwaacha wengi kuwa maskwota kwenye ardhi ya wazee wao.

Nilipomweleza haya, mkwe wetu aliinuka akaingia chumbani. Akarudi na bahasha ya plastiki, ndani yake hati ya shamba. Ndalu ni eneo la skimu, mashamba ya masetla yaliyogawanywa miaka ya 1960, na waliopewa walilipa kwa mkopo wa serikali. Baba yake alilipa deni hilo kwa miaka kwa magunia ya mahindi. "Hapa hakuna mzungu atakuja na basi kutuangalia, mkwe," akaniambia. "Lakini hakuna wa kunitoa." Sisi tuna mabasi ya wageni, yeye ana hati. Niliona haya kidogo.

Je, sisi tumekosa chombo kama vile vyama vya koo vya San Francisco? Hatujakosa. Tunacho, na ni cha zamani kuliko vyao: wakfu. Nyumba ikishawekwa wakfu haiuzwi wala hairithiwi, na pato lake huenda pale aliyeiweka alipoagiza. Zanzibar nyumba nyingi za Mji Mkongwe bado ni za wakfu. Mombasa na Lamu pia zipo. Najua mtakaloniambia: nyumba za wakfu ndizo zinazoanguka, kodi yake haitoshi hata kupaka chokaa, na hesabu hazionekani. Ni kweli, na aibu hiyo ni yetu. Lakini ugonjwa ni wa usimamizi, si wa wakfu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hivyo kabla ya kushangilia basi, nina maombi matatu. Kwanza, familia zenye nyumba za urithi zikae zizungumze sasa, wazee wakiwa hai, na zifikirie kuweka wakfu au kuunda kampuni ya ukoo yenye hisa, badala ya kungoja msiba na mnunuzi. Pili, wasimamizi wa wakfu watoe hesabu hadharani kila mwaka, nyumba kwa nyumba, na wakodishe kwa bei ya soko ili zipatikane pesa za ukarabati. Tatu, serikali ya kaunti ikitoa leseni ya basi lolote la watalii, iandike kwenye masharti kwamba vituo vya Mji wa Kale vishushe watu na kuwapa muda wa kutembea na kununua, kwamba watembeza wageni wawe wa mtaa huo na wawe wamefunzwa, na kwamba wakazi waulizwe kuhusu misikiti, saa za swala na picha za mama zetu. Mtaa si mbuga ya wanyama.

Kesho In Shaa Allah tunashuka Kitale kupanda gari la kurudi Nairobi, kisha Mombasa. Mpwa wangu ameniambia nikifika nimsaidie kutafuta karatasi za nyumba ya nyanya yake, pale Kibokoni. Hakuna kati yetu anayejua zilipo. Tutaanza na hilo.