DHAMANA YA FUNGUO ZA SERIKALI
Tunazungumzia funguo za siri na vyeti vinavyothibitisha kuwa tovuti ya idara ni ya idara kweli. Tarehe ya mwisho ya cheti huonekana kwa amri moja tu inayochapwa katika programu ya OpenSSL. Kutoitazama ni uzembe, wala si upungufu wa fedha.

Mwaka 2011 wavamizi waliingia katika mitambo ya DigiNotar, kampuni ya Uholanzi, wakatumia funguo zake kutoa vyeti vya uongo, hata kwa jina la Google. Kampuni ilifilisika mwaka huo huo.

Kuanzia Machi 15, 2029, vyeti vipya vya tovuti havitazidi siku 47. Je, mwananchi wa kisiwani akose huduma kwa kuwa mwenye nywila yuko likizo? Wakuu wa idara waweke daftari la funguo, na dhamana wapewe watumishi wawili.