Pikipiki ya umeme ikiachiwa mwendo, Bambu inakuwa mbali zaidi

Popote pikipiki za umeme zinapofika, fundi anayejua kuzifungua hachelewi kufika. Kontrola nyingi za Kichina, yaani lile sanduku linalogawa umeme kutoka kwenye betri kwenda kwenye mota, huja na waya mdogo, mara nyingi mweupe, ambao kazi yake ni kubana mwendo. Ukiunganishwa, chombo hakivuki kasi aliyoiweka mtengenezaji, ukichomolewa, kinaachiwa. Nyingine hufunguliwa kwa programu ya simu, na baiskeli za umeme za Ulaya hudanganywa kwa kifaa kinachoiambia kontrola kwamba gurudumu linazunguka polepole kuliko kweli. Ni kazi ya dakika chache, haihitaji kipuri cha bei, na mteja anaondoka akicheka. Ituri, jimbo letu la mashariki mwa Kongo, bado haijajaa vyombo hivi, lakini majirani wamekwishaanza. Kigali iliamua kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya zinazosajiliwa kubeba abiria ziwe za umeme, na Kampala pia zipo. Mipaka ya Mahagi na Aru, ambako bidhaa nyingi za Bunia, mji mkuu wa jimbo, hupitia, haitakawia kuzipitisha. Basi afadhali tuzungumze mapema. Hoja yangu ni kwamba katika njia kama ile ya Bunia kwenda Bambu, kwenye migodi ya dhahabu ya Kilo, anayeondoa kidhibiti mwendo anajiibia mwenyewe kabla hajamdhuru mtu mwingine. Kwa hiyo serikali ikitaka kidhibiti kibaki mahali pake, izungumze na mfuko wa dereva kabla ya kumwonyesha pingu.

Pingu zimeshajaribiwa Afrika Mashariki, na matokeo yake yanajulikana. Kenya, chini ya Waziri wa Uchukuzi John Michuki, ilianza Februari 2004 kuzilazimisha matatu ziwe na mikanda na vidhibiti visivyoruhusu kuvuka kilomita 80 kwa saa. Siku za mwanzo watu walitembea kwa miguu kwa sababu magari mengi hayakuwa tayari, kisha barabara zikatulia kwa muda. Baadaye vidhibiti vikaanza kuchezewa, mpaka nchi ikaandika kiwango kipya, KS 2295, kinachodai kifaa kinachohifadhi na kutuma kumbukumbu za mwendo. Tanzania imepitia njia hiyohiyo: mabasi yake yamefungwa mfumo wa kufuatilia mwendo, na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa nchi kavu, imekuwa ikilalamika kwamba kuna madereva wanaouchezea. Hata Rwanda, ambako amri ya Rais ya 2015 iliweka kikomo cha kilomita 60 kwa saa kwenye magari ya abiria, polisi wamekamata watu kwa kuchezea vidhibiti. Nchi tatu, serikali tatu za tabia tofauti, na ugonjwa ni ule ule. Sababu yake haina siri. Dereva wa gari la abiria analala na deni la hesabu ya bosi na kuamka nalo. Safari moja ya ziada kwa siku ndiyo chakula cha nyumbani, na kwa injini ya mafuta mwendo ndio unaoileta safari hiyo. Mafuta yakiisha unaongeza, unaendelea. Kifaa kinachopingana na hesabu ya siku hakidumu, hata kikifungwa kwa risasi na muhuri wa serikali.

Umeme unaibadilisha hesabu hiyo, na hapa ndipo naona tumaini ambalo Michuki hakuwa nalo. Upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo. Tuchukue mfano wa kukadiria: betri ya kilowati-saa 3, na pikipiki yenye dereva na abiria mmoja inayotumia wati-saa 35 kwa kila kilomita ikienda 45 kwa saa kwenye tambarare. Karibu nusu ya hizo, tuseme 17, zinakwenda kupambana na upepo. Betri hiyo itakufikisha kilomita 85 hivi. Sasa chomoa waya, panda hadi 65 kwa saa. Sehemu ya upepo inaongezeka zaidi ya mara mbili, matumizi yanafika wati-saa 53 kwa kilomita, na betri ileile inakuishia kwenye kilomita 56. Kwa safari ya kilomita 35 kila upande, mwendo wa kwanza unakwenda na kurudi ukiwa na akiba. Mwendo wa pili unaokoa kama dakika 14 za kwenda, kisha unakuacha njiani wakati wa kurudi, ukisukuma chombo kizito. Na hiyo ni tambarare. Njia ya kupanda kuelekea migodi ya Kilo haina huruma hiyo. Kigali dereva aliyeishiwa anaweza kuingia kwenye kituo cha kubadilishia betri, kama vile vya Ampersand, akatoka baada ya dakika chache. Kati ya Bunia na Bambu hakuna kituo cha namna hiyo. Umeme wenyewe, ule wa mitambo ya Budana kwenye mto Shari iliyojengwa kwa ajili ya migodi ya Kilo-Moto, haujawahi kutosha hata kwa mji wa Bunia. Penye umeme haba, kila wati-saa iliyopotezwa kwa kupasua hewa ni abiria ambaye hakubebwa.

Hasara haiishii kwenye umbali. Mkondo wa umeme ukiongezeka, joto kwenye nyaya na kwenye mota huongezeka kwa mraba wa mkondo huo, na betri ya lithiamu inayokamuliwa kila siku huzeeka mapema. Betri ndiyo mali yenyewe katika chombo hiki. Kinachobaki ni bomba, matairi na taa. Breki nazo zimepimwa kwa mwendo ule wa kiwandani. Kutoka 45 hadi 65, nishati ambayo breki zinapaswa kuimaliza huongezeka zaidi ya maradufu, na hakuna fundi niliyesikia akibadilisha breki siku ileile anayochomoa waya. Shirika la Afya Duniani lina takwimu mbili zinazofaa kukumbukwa sokoni: mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali inayoua hupanda kwa asilimia 4, na mtembea kwa miguu aliyegongwa na gari lililo kwenye kilomita 65 kwa saa yumo katika hatari ya kufa iliyo mara 4.5 ya ile ya aliyegongwa kwenye 50. Njia zetu zina watoto wa shule, akina mama wenye mizigo kichwani, na mbuzi. Chombo cha umeme hakina hata mlio wa kuwaonya.

Wapo watakaosema kwamba njia ya Bambu ni ya milima, na chombo kilichobanwa hakipandi. Hili ni kosa la kuchanganya vitu viwili. Nguvu ya kuvuta na kikomo cha mwendo ni mambo tofauti. Kidhibiti kinaanza kufanya kazi unapofika juu kabisa ya kasi, na mlimani, ukiwa na magunia mawili na abiria, hufiki huko hata ukiomba. Kinachokusaidia kupanda ni mota na kontrola za kutosha, na hizo zinanunuliwa, hazichomolewi. Ukiona pikipiki ya umeme imeshindwa na mlima, jua iliyouzwa ni ya mjini, na wa kudaiwa ni muuzaji.

Hoja ninayoiheshimu zaidi ni ya usalama, na anayeishi mbali na Djugu, eneo iliko Bambu, asiipuuze. Ituri iko chini ya utawala wa dharura wa kijeshi tangu 6 Mei 2021. Makundi yenye silaha, CODECO likiwemo, yameshambulia Bambu na vijiji vya jirani. Barabara zimefungwa na kufunguliwa mara nyingi, na pikipiki ndiyo imekuwa gari la wagonjwa, la wakimbizi na la habari mbaya. Dereva akiuliza kwa nini afungwe mwendo katika njia ambayo siku yoyote huenda akahitaji kukimbia, hastahili kujibiwa kwa kanuni ya Brussels. Nakubali mambo mawili hapa. Kwanza, kikomo cha kilomita 25 kwa saa, ambacho Ulaya imekiweka kwa baiskeli za umeme zisizo na namba, hakina maana katika njia hii. Kikomo cha kwetu kiwekwe kwa ajili ya barabara ya udongo na umbali wake, na nadhani 45 au 50 kinatosha. Pili, mtengenezaji anaweza kuweka kitufe cha dharura kinachoachia mwendo kwa dakika chache kisha kinajifunga, na kwa Ituri hicho si anasa. Lakini aliyechomoa waya kwa ajili ya siku ya kukimbia ameutumia mwendo huo siku zote nyingine pia. Siku yenyewe ikifika, yumkini betri yake imebaki robo. Anayetaka kukimbia mbali ana sababu kubwa zaidi ya kutunza umeme wake.

Kuna pia lalamiko kwamba pikipiki za mafuta kama Boxer zinakwenda zinavyotaka bila kidhibiti chochote, kwa nini umeme ndio ubanwe? Ni kweli, ni uonevu, na sina jibu zuri zaidi ya kusema kwamba siku moja za mafuta nazo zitapaswa kubanwa. Na anayesema chombo ni chake, afanye apendavyo, mara nyingi si chake: ni cha bosi, au betri ni ya kampuni. Hata pale ambapo ni chake kweli, abiria nyuma hakukubaliana na breki zile. Ufaransa imekwenda mbali, sheria yake inatishia mwaka mmoja jela na faini ya hadi euro 30,000 kwa baiskeli ya umeme iliyofunguliwa. Sipendekezi hivyo kwetu. Faini ambayo hakuna wa kuilipa huishia kuwa bei ya kupita kwenye kizuizi, na vizuizi tunavyo vya kutosha.

Ninachopendekeza kinaanzia kwenye hesabu. Wenye pikipiki na vyama vya waendeshaji wa Bunia wakubaliane hesabu ya siku kwa kilomita ambazo betri inaweza kutembea ikiwa imebanwa, maana bosi anayedai zaidi ya hapo anaagiza waya uchomolewe. Betri ikifa kabla ya wakati kwa kuendeshwa ikiwa wazi, mkataba useme nani analipa, na uandikwe kabla ya ufunguo kukabidhiwa. Idara ya uchukuzi ya jimbo nayo iandike kikomo cha mwendo na umbali wa betri kwenye karatasi za usajili, ili mnunuzi ajue anachonunua. Mpakani, OCC, ambayo kazi yake ni kukagua bidhaa zinazoingia, ipime kila aina mpya ikiwa na mzigo wa kilo 150: inafika kasi gani, inasimama kwa mita ngapi, inatembea kilomita ngapi. Kipimo hicho hakihitaji maabara. Kinahitaji barabara iliyonyooka, mlima mmoja, na mtu mwenye saa na kamba ya kupimia, pale Mahagi na Aru, kabla chombo hakijapewa ruhusa ya kuuzwa Bunia.