"Kwani huna nauli?" Nauli ninayo mzee, sina barabara!

Ndugu msomaji, nianze na kovu. Liko kwenye kiwiko cha mkono wa kushoto na huwa naliona kila ninapokunja shati. Nililipata asubuhi ya siku ya kazi, nikitoka Tandale kwenda Kariakoo na Phoenix yangu nyeusi ya keria pana. Kabla sijafika Magomeni, gari dogo likanibana pembeni, tairi la mbele likaingia mtaroni, nami nikajikuta nimekumbatia taka za watu. Mwenye gari akasimama. Nilidhani anashuka kunipa pole. Akateremsha kioo nusu na kuniuliza: "Kijana, kwani huna nauli?"

Akapandisha kioo, akaenda zake.

Siku ile sikumjibu, mdomo ulikuwa umejaa vumbi. Namjibu leo, pamoja na wakubwa wote wanaofikiri kama yeye. Nauli ninayo, mzee. Nisichokuwa nacho ni barabara.

Hebu simama saa 12 asubuhi kwenye barabara yoyote kubwa ya Dar es Salaam uhesabu. Utamwona muuza samaki anatoka Feri na tenga lake. Utamwona muuza mikate ambaye mzigo umempita kichwa, fundi seremala aliyefunga msumeno kwenye keria, mnoa visu, mlinzi anayetoka lindo la usiku macho mekundu. Hao ndio wanaolisha na kulinda jiji hili. Wote wanapita kwenye kipande cha vumbi kati ya lami na mtaro, kimoja ambacho daladala likitaka abiria linakichukua, na bodaboda ikitaka njia ya mkato inakichukua pia.

Halafu wakubwa wanapopanga barabara, hao watu hawamo kwenye mchoro!

Mimi nimeishia kidato cha nne, uinjinia sikusomea. Lakini hesabu ya kujumlisha naijua. Kila lita ya mafuta inayouzwa nchini ina tozo inayokwenda Mfuko wa Barabara. Usidanganywe kwamba tozo ile analipa mwenye shangingi peke yake. Ukipanda daladala, imo ndani ya nauli yako. Ukinunua nyanya iliyokuja sokoni kwa lori, imo ndani ya bei ya nyanya. Muuza mikate wa baiskeli naye analipa, maana unga wake haukutembea kwa miguu kutoka kiwandani. Basi tuulize bila woga: mbona wote tunachanga, lakini karamu wanakula wenye magari?

Nisieleweke vibaya. Sisemi madaraja ni dhambi. Mwaka 2018 tulifunguliwa daraja la Mfugale pale Tazara. Mwaka 2021 yakafuata ya Kijazi pale Ubungo. Morogoro Road ikapanuliwa kuwa njia nane kutoka Kimara hadi Kibaha, baada ya nyumba za watu kubomolewa mwaka 2017 kupisha upanuzi huo. Tulipigiwa ngoma, tukakatiwa utepe. Lakini sensa ya mwaka 2002 ilikuta Dar es Salaam ina watu kama milioni 2.5, na ile ya 2022 ikakuta milioni 5.38. Ndani ya miaka 20 tumezidi mara mbili. Je, barabara nazo zitazidi mara mbili? Zitapita wapi, juu ya vitanda vyetu? Ukipanua njia ziwe nane, magari yatajaa njia nane. Foleni haimalizwi kwa kuipanulia kitanda.

Kuna watakaonikumbusha kwamba njia ya baiskeli ipo. Ni kweli, na hapo ndipo penye kisa chenyewe.

Mabasi yaendayo kasi yalipoanza kazi Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni, barabara ilijengwa na njia za waenda kwa miguu na wapanda baiskeli pembeni. Dunia ikaona. Dar es Salaam ikapewa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018, jiji la kwanza la Afrika kuipata. Tulistahili, sibishi. Lakini wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nenda leo na baiskeli kwenye njia ile. Mita chache unateleza kama mfalme, halafu unakutana na gari limeegeshwa kama liko kwao. Unalizunguka, unakutana na bodaboda tatu zinakuja uso kwa uso na zinakupigia honi wewe uliye kwenye haki yako. Ukifika mwisho wa njia, inakutema katikati ya magari bila hata kwaheri. Na kufika kwenye njia hiyo kwenyewe ni kazi. Kovu langu sikulipatia juu yake. Nililipata nikijaribu kuifikia!

Njia ya baiskeli ni kama bomba la maji. Likiwa na kipande kizuri Manzese lakini halijaungwa na nyumba yako, hunywi maji. Jiji letu limejenga kipande cha bomba, likapewa tuzo, likaacha kuunga.

Na hapa niwaonye vijana wenzangu, wasije wakatuchonganisha. Ukilalamika kwamba njia imezibwa, jibu la haraka la wakubwa ni kutuma mgambo wamwage vitumbua vya mama lishe na wabebe mitumba ya machinga. Hiyo ni danganya toto. Machinga yuko pale kwa sababu naye hakuwekwa kwenye mchoro, kama wewe na baiskeli yako. Apangiwe sehemu yenye wateja, kisha njia ibaki wazi. Kumwinua mnyonge mmoja ili kumpitisha mnyonge mwingine si mipango miji, ni kugombanisha kuku ili wauza kuku wafurahi.

Sasa kuna wanaodhani baiskeli ni mambo ya kishamba. Najua hata wewe unayesoma hapa kijiweni unaota gari. Hata mimi naota. Lakini sikiliza kisa cha Wadachi, ambao hakuna anayewaita maskini.

Baada ya vita kuu ya pili, Uholanzi nayo ililewa magari. Ikabomoa mitaa kuyapisha. Mwaka 1971 peke yake zaidi ya watu 3,000 walikufa barabarani, na zaidi ya 400 walikuwa watoto. Mwandishi wa habari aitwaye Vic Langenhoff, aliyempoteza binti yake, akaandika gazetini kwa uchungu chini ya kichwa cha habari kilichotaka mauaji ya watoto yakomeshwe. Kichwa hicho kikawa jina la vuguvugu la wananchi. Akina mama na watoto wakaziba mitaa, wakalala na baiskeli zao barabarani. Mafuta yalipoadimika mwaka 1973, serikali ikatangaza Jumapili bila magari, ya kwanza ikiwa Novemba 4. Watu wakaona kwa macho yao jiji lisilo na honi lilivyo. Leo nchi ile ina baiskeli nyingi kuliko watu.

Umeona siri? Hawakuzaliwa na njia za baiskeli. Walizidai.

Utasema hao ni Wazungu wenye pesa. Haya, twende Bogotá, mji mkuu wa Colombia, nchi yenye shida tunazozijua. Enrique Peñalosa alipokuwa meya kati ya 1998 na 2000 alianzisha mabasi ya TransMilenio, ndugu wa mabasi yetu ya kasi, na papo hapo akajenga njia nyingi za baiskeli kwenda mitaa ya walalahoi. Kwenye vituo vikubwa vya mabasi wakaweka maegesho ya baiskeli ya bure. Mtu anatoka nyumbani kwa baiskeli, anaiacha kituoni, anapanda basi, jioni anaikuta. Sisi basi tulileta. Maegesho ya baiskeli yenye mlinzi pale Kimara na Mbagala yangetushinda nini?

Majirani zetu wa Nairobi nao wana somo. Mwaka 2015 kaunti ile ilipitisha sera ya kutenga asilimia 20 ya fedha za barabara kwa ajili ya waenda kwa miguu na baiskeli. Safi kabisa! Lakini kilichokuja kwa kishindo mwaka 2022 ni barabara ya kulipia ya kilomita 27 inayopita juu ya vichwa vya watu, na baiskeli haikanyagi humo. Kwa hiyo sera peke yake haitoshi. Karatasi haizuii daladala.

Kuna hoja ya jua na jasho. Jua linawaka na kwa anayening'inia mlangoni mwa daladala, tena yeye ananing'inia amebanwa na makwapa 40. Jua dawa yake ni miti, na miti tuliikata wenyewe tulipopanua barabara. Kuna hoja ya wizi. Kweli, wezi wapo, lakini siku moja nilikwenda ofisi moja mjini kupeleka makala, askari wa getini akaniambia baiskeli niipeleke nyuma kwenye mapipa ya taka, maana pale ni maegesho ya magari. Sasa mwizi anakosa nini kwenye mapipa ya taka? Nafasi ya gari moja inaingia baiskeli kumi. Ni kutaka tu.

Na ninyi ndugu zangu wa bodaboda, msiicheke baiskeli, ndiyo mama yenu. Jina lenu lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, pale Busia, vijana walipokuwa wakivusha abiria kwa baiskeli boda hadi boda. Sisi wenyewe tulikuwa na baiskeli yetu, Swala, iliyotengenezwa hapahapa Dar es Salaam. Leo tunaagiza hata spoku.

Kwa nini nasema hili ni jambo la kufa na kupona? Kwa sababu Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2018 ikionyesha kwamba barani Afrika asilimia 44 ya wanaokufa barabarani ni waenda kwa miguu na wapanda baiskeli. Karibu nusu ya maiti ni za watu ambao hawakuwa na injini! Hao hawakufa kwa bahati mbaya. Barabara iliyochorwa bila mtu, ikimkuta mtu, inamuua.

Tudai nini basi? Mambo manne, tena yaandikwe kwa namba yasije yakageuzwa porojo.

Kwanza, kila barabara ya mjini inayojengwa au kupanuliwa, iwe ya TANROADS au ya TARURA, iwe na njia ya baiskeli yenye ukingo wa zege. Rangi peke yake haimzuii mtu. Pili, fungu la fedha za barabara litajwe kwa asilimia na litangazwe kila mwaka limejenga mita ngapi na wapi, ili tukahesabu wenyewe. Tatu, njia ziungwe kutoka mitaani, Tandale, Buguruni, Mbagala, Kigogo, hadi kwenye vituo vya mabasi, na vituo viwe na maegesho yenye mlinzi. Nne, trafiki anayemsimamisha mpanda baiskeli kwa kukosa kengele, amsimamishe pia mwenye gari aliyeegesha juu ya njia yake.

Diwani akija mtaani kwako kuomba kura, awe wa chama tawala au wa chama chetu, usimuulize fulana. Muulize: njia ya baiskeli ya kata hii inaanzia wapi na inaishia wapi? Akisema ataliangalia, mwambie umekwishaliangalia wewe, tangu uhuru mwaka 1961 nchi iko mikononi mwa walewale na bado unapita mtaroni.

Mimi kesho asubuhi nitatia upepo tairi, nitapaka mafuta cheni, nitashuka tena kuelekea Magomeni. Nikikutana na yule mzee wa kioo nusu, nitampungia mkono. Nauli ninayo mfukoni, nitamwonyesha. Barabara yangu iko wapi, anionyeshe yeye.