Panda: Kubadilisha adresi IP ya intaneti ya nyumba kunasaidia wakati gani?

"Zima modemu, ngoja dakika tano, washa tena, utapata adresi mpya." Shauri hilo linajulikana na kila mtu mwenye ana intaneti nyumbani, akiwa Panda mjini Likasi, ao Kolwezi, ao Uvira, ao Bunia. Watu wanalifuata wakati ukurasa fulani unakataa kufunguka, wakati akonti inafungwa, ao wakati serkali inakata mitandao ya kijamii. Mara moja moja linasaidia. Mara mingi hapana. Na kuna siku yenye kuliamini sana kunaweza kuingiza mtu katika hatari.

Adresi moja, nyumba mingi

Adresi IP ni namba yenye inaonyesha data zirudishwe wapi, sawa vile avenue na namba ya parsele zinaongoza mgeni mpaka kwenye mlango. Mfumo wa zamani, IPv4, uliwekwa mwaka wa 1981. Una namba karibu miliari 4,3 kwa dunia nzima. Wakati ule zilionekana kuwa mingi sana. Leo hazitoshi.

Kwa Afrika, namba hizo zinagawanywa na AFRINIC, yenye makao yake katika kisiwa cha Morisi. Tangu Januari 2020, AFRINIC iliingia katika hatua ya mwisho ya kugawa akiba yake: kampuni yenye kuomba haiwezi kupewa zaidi ya adresi 1.024 kwa mara moja. Kisha, kuanzia 2021, kesi za mahakama ziliisumbua shirika hiyo kwa miaka.

Sasa operatera mwenye wateja milioni atafanya nini? Anaunganisha watu wengi nyuma ya adresi moja ya inje. Ni sawa na parsele moja yenye wapangaji wengi na mlango mmoja tu wa kutokea barabarani. Mlangoni kuna mtu mwenye anakumbuka nani alituma nini, ili jibu likirudi lifike kwa mwenyewe. Simu na modemu za kadi SIM zinafanya kazi mara mingi kwa njia hiyo. Hata Starlink, yenye ilikatazwa Kongo mwaka wa 2024 kisha ikapewa ruhusa na ARPTC Mei 2025, inaweka wateja wake wa kawaida katika mfumo huo.

Kwa hiyo mkaaji wa Panda anaweza kukuta ukurasa unamwomba achague picha za taa za barabarani ili kuhakikisha kama yeye si mashine. Pengine hakufanya kosa lolote. Mpangaji mwingine ndiye alichafua mlango wa wote.

Namna ya kuhakikisha

Mtu anaweza kujipimia bila kulipa fundi. Anafungua ukurasa wa ndani wa modemu yake, anatazama adresi yenye modemu ilipewa na operatera. Kisha anatafuta kwenye intaneti adresi yenye dunia inaona. Zikiwa tofauti, adresi ya inje inatumiwa na watu wengine pia. Ikiwa ile ya modemu inaanza na 10, ao iko kati ya 100.64 na 100.127, jibu ni lile lile. Namba zenye kuanza na 192.168 ni za ndani ya nyumba tu. Kuzibadilisha hakugeuzi kitu inje.

Kuzima na kuwasha modemu kunaweza kuleta adresi nyingine ya inje. Kule kwenye umeme unakatika mara mingi, inaweza kubadilika bila mtu kutaka. Lakini hakuna mwenye kuchagua: unaweza kutoka kwenye mlango mchafu na kuingia kwenye mwingine mchafu zaidi. Na ikiwa kilichofungwa ni akonti yenyewe, si adresi, kuzima modemu hata mara kumi hakusaidii. Mtu mwenye anaomba pesa ili "kufungua" akonti kwa kubadilisha IP anauza upepo.

Serkali ikikata

Hapa ndipo shauri la modemu linashindwa kabisa. Tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake ya uchaguzi, intaneti ilikatwa katika Kongo nzima, ikarudi kisha siku karibu 20. Januari 2015 pia ilikatwa wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi. Siku kama hizo, kubadilisha adresi ni kubadilisha baiskeli wakati daraja limevunjika.

Mambo ni tofauti wakati kunafungwa mitandao fulani tu, sawa vile ilionekana kwa X mwanzoni mwa Februari 2025. Pale operatera anazuia kule unakoenda, hatazami wewe ni nani. Adresi yako mpya itakutana na kizuizi kile kile. VPN ndiyo inaweza kupita, kwa sababu inaficha mwisho wa safari. Lakini inakula mega zaidi, na mwenye VPN anakaa pahali pa operatera: yeye sasa ndiye anaweza kuona kurasa zenye unatembelea. VPN ya bure yenye haijulikani ni ya nani inaweza kulipwa kwa habari zako.

Kubadilisha si kujificha

Kwa watu wa mashariki, zaidi wale wenye kutuma habari za usalama, hii ndiyo sehemu ya kukumbuka. Kadi SIM imeandikishwa kwa jina la mtu. Operatera anaweza kuandika saa, adresi na modemu yenye iliitumia. Adresi ya jana na ya leo zinarudi kwa mteja mmoja. Kongo iko na Kodi ya Numeriki tangu 13 Machi 2023, yenye kuzungumzia ulinzi wa data za watu na makosa ya mtandaoni. Mwananchi ana haki ya kuuliza data zake zinalindwa namna gani.

Dawa ya kudumu iko kwa maoperatera: IPv6, mfumo mpya wenye adresi za kutosha kwa kila simu na kila nyumba, bila kugombania mlango mmoja. Modemu na simu mingi za leo zinaweza kuitumia tayari. Mteja mwenye analipa kila mwezi anaweza kuuliza swali hilo dukani: IPv6 itafika lini kwetu? Swali hilo, likiulizwa na wengi, lina nguvu kuliko kuzima na kuwasha modemu kila usiku.