Shahada ya Sanaa na Biashara si ya Mtu Asiyejua Anachotaka

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yatangazwapo na maombi ya kuingia vyuo vikuu yafunguliwapo, ubishi ule ule huzuka katika nyumba nyingi za watumishi wa umma na walimu. Kijana aliyefaulu vizuri Historia na Kiswahili anataka kuendelea na masomo hayo. Baba yake anamwuliza atakula nini. Kijana anapokubali kusoma biashara, mwalimu aliyemlea kimasomo anasikitika kwamba kipaji kinakwenda kuzikwa ndani ya madaftari ya hesabu. Ni nadra, katika ubishi huo, kumsikia mtu akiuliza ni nani aliyeamua kwamba lazima kijana achague moja.

Swali hilo linastahili kuulizwa sasa, na kuulizwa kwa sauti. Mtaala mpya wa sekondari umeliweka somo la Elimu ya Biashara miongoni mwa masomo ya lazima, na mwaka 2024 Serikali iliongeza tahasusi za kidato cha tano ili wanafunzi wapate njia nyingi zaidi kuliko zile chache zilizozoeleka. Vijana hao watafika mlangoni mwa vyuo vikuu wakiwa na mchanganyiko ambao kaka na dada zao hawakuwa nao. Itakuwa ajabu wakikuta huko juu ukuta ule ule, upande mmoja fasihi, historia na lugha, upande wa pili uhasibu, masoko na menejimenti, na kati yao hakuna hata dirisha.

Ukuta huo wala si wa asili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichofungua milango yake mwaka 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba kikiwa na Sheria peke yake, kwa miaka mingi kiliyafundisha masomo ya uongozi wa shughuli za biashara ndani ya Kitivo cha Sanaa na Sayansi za Jamii. Ilikuwapo Idara ya Menejimenti na Utawala, na idara hiyo ndiyo iliyozaa Kitivo cha Biashara na Menejimenti mwaka 1979, ambacho mwaka 2008 kikawa Shule Kuu ya Biashara. Kwa maneno mengine, biashara pale Mlimani ni mtoto wa sanaa. Mtoto alikua, akajenga nyumba yake, na hilo halina ubaya. Ubaya umeingia pale wenye nyumba mbili walipoacha kutembeleana.

Zipo sababu zilizoleta utengano huo, na haifai kuzidharau. Mabenki yalipotaifishwa mwezi Februari mwaka 1967, nchi ilijikuta na fedha za umma nyingi na watu wachache mno wa kuzihesabu. Chuo cha Elimu ya Biashara kilikuwa kimeanza mwaka 1965. Mwaka 1972 vikaja Chuo cha Usimamizi wa Fedha na Chuo cha Uongozi wa Maendeleo kule Mzumbe, na mwaka huo huo ikatungwa sheria ya kuanzisha Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Nchi ilihitaji mafundi wa hesabu kwa haraka, na fundi wa haraka hufundishwa kazi moja. Mpango huo ulikuwa wa haki kwa wakati wake. Lakini dharura ya miaka ile haikupaswa kugeuka kuwa desturi ya kudumu, hata leo mwanafunzi wa uhasibu akionekana na diwani ya mashairi aulizwe kama amepotea njia.

Wanaofikiri kwamba kuchanganya masomo ni jambo la juzi wamtazame Mwalimu Nyerere. Alipokwenda Edinburgh, Scotland, mwaka 1949, hakusoma jambo moja. Katika shahada aliyoipata mwaka 1952 mlikuwamo fasihi ya Kiingereza, uchumi wa kisiasa, historia ya uchumi, anthropolojia na falsafa ya maadili. Miaka kumi na saba baadaye, akiwa Rais wa nchi, alitoa tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare akaiita Mabepari wa Venisi. Mchezo huo wote unasimama juu ya mkopo: mfanyabiashara ambaye mali yake iko baharini, mkopeshaji mwenye kinyongo, mkataba wenye dhamana ya kutisha, na mahakama inayousoma mkataba neno kwa neno. Mwalimu wa fasihi asiyejua dhamana ni nini ataufundisha mchezo huo nusu. Na afisa mikopo ambaye hajawahi kuusoma hajapata kuona, kwa mfano ulio wazi namna hiyo, chuki inavyoweza kuvaa joho la sheria.

Tuache viongozi na vitabu vya kale, kitazamwe kiwanda cha vitabu chenyewe. Wahitimu wa Kiswahili na fasihi wengi hutamani kuwa wahariri na wachapishaji, na wengi wao hawajawahi kufundishwa kwa nini kitabu kizuri huweza kumfilisi aliyekitoa. Ichukuliwe riwaya moja kwa mfano. Kuhariri, kupanga kurasa na kuchora jalada kunagharimu shilingi 6,000,000, ziuzwe nakala kumi au elfu kumi. Karatasi, uchapaji na kujalidi ni shilingi 3,000 kwa kila nakala. Mchapishaji mwoga akitoa nakala 1,000, kila moja imemgharimu shilingi 9,000, na hakuna mwalimu wa kijijini atakayeinunua kwa bei itakayomletea faida. Akitoa nakala 4,000, gharama inashuka hadi shilingi 4,500, na moyo unachangamka. Sasa aiuze kwa shilingi 9,000. Mwenye duka anachukua theluthi, yaani 3,000. Mwandishi anastahili mrabaha wa asilimia kumi, yaani 900. Anabaki na 5,100. Alikwisha kutumia milioni 18. Hesabu inasema ni lazima auze nakala 3,530 kabla hajaona senti ya faida, na zile nyingine ziko ghalani zikingoja mchwa.

Hesabu hiyo si ngumu. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuifanya. Hata hivyo wapo watu wenye shahada mbili za fasihi ambao hawajawahi kuifanya hata mara moja, na matokeo yake ni kwamba uamuzi wa kitabu gani kichapwe na kipi kitupwe umeachwa kwa watu wanaojua kujumlisha lakini hawajui riwaya. Hao nao, kwa kuwa hawana njia ya kupima ubora, hukimbilia kilicho salama: vitabu vya mitihani, mwaka baada ya mwaka. Mtu mmoja mwenye elimu zote mbili angejua kwamba riwaya ile ina thamani, na angejua pia jinsi ya kuifikisha kwa wasomaji 3,530.

Hali ni hiyo hiyo kwa wachoraji, wanamuziki na waigizaji. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alianzisha mtindo wa uchoraji ambao leo unajulikana dunia nzima, akitumia rangi za kawaida za dukani. Waliomfuata waliunda chama chao cha ushirika mwaka 1990, jambo la busara kabisa. Lakini kati ya mchoraji anayeuza picha kando ya barabara na yule anayeirudia picha hiyo juu ya vikombe na fulana katika nchi za mbali, ipo elimu ambayo wa kwanza hakupewa: hakimiliki, leseni, mkataba, bei ya jumla na bei ya rejareja. Nchi ina sheria ya hakimiliki tangu mwaka 1999, na kule Bagamoyo chuo cha sanaa kimekuwapo tangu mwaka 1981. Sheria ipo, sanaa ipo. Mtu wa kuziunganisha ndiye adimu.

Lakini lingekuwa kosa kubwa kuifanya hoja hii ya upande mmoja, kana kwamba ni sanaa tu inayokwenda kuomba chumvi kwa biashara. Anayehitaji zaidi huenda ni mwanafunzi wa biashara.

Kongwa ipo kuthibitisha hilo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya Uingereza ilipanga kulima karanga Tanganyika katika eneo la ekari zaidi ya milioni tatu. Waliokuja walikuwa na mitambo, walikuwa na mameneja wa kampuni kubwa. Mpango ulipoachwa mwaka 1951, pauni zipatazo milioni 36 zilikuwa zimepotea. Mvua za Kongwa, udongo wake ugeukao jiwe wakati wa kiangazi, na desturi za watu waishio pale havikuwa siri, Wagogo walivijua. Lakini hapakuwa na mtu katika ofisi zile aliyefundishwa kuuliza. Jiografia, historia na elimu ya jamii za watu, masomo yanayobezwa kuwa ya maneno matupu, yangegharimu sehemu ndogo sana ya fedha hizo.

Mfano wa nyumbani ni vyama vya ushirika. Afisa kijana mwenye shahada safi ya masoko anapelekwa Kilimanjaro au Kagera kuwahimiza wakulima wajiunge na chama, na anashangaa wazee wanamsikiliza kwa adabu kisha hawaji. Angelisoma historia angejua kwamba wakulima wa Kilimanjaro walianza kujipanga tangu miaka ya 1920, kwamba KNCU iliundwa mwaka 1933, kwamba mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na kwamba ilihitajika sheria ya mwaka 1982 kuvirudisha. Mzee aliyeyaona hayo yote hawezi kushawishiwa kwa mchoro wa rangi unaoonyesha mauzo yakipanda. Anataka kuzungumza na mtu anayejua yaliyopita. Tena anataka taarifa ya mapato na matumizi isomwe kwa lugha anayoielewa. Wahasibu wengi huiandika kwa Kiingereza, na wakiombwa kuieleza kwa Kiswahili hukwama katika neno la tatu. Mwanachama asiyeielewa mizania ya chama chake ni rahisi kuibiwa, na wezi wa ushirika wanalijua hilo siku nyingi.

Wapo watakaosema mshika mbili moja humponyoka. Wasiwasi huo ni wa kweli, na wahadhiri wanaousema wana sababu. Shahada inayochota kijiko kimoja cha kila kitu itatoa mtu ambaye hawezi kuchambua shairi wala kufunga hesabu za mwaka. Dawa yake si kupiga marufuku, bali kuweka kiwango. Katika vyuo vya Australia na New Zealand mwanafunzi husoma shahada ya sanaa na ya biashara kwa pamoja kwa muda wa miaka minne hivi, badala ya sita ambayo angeitumia kama angezisoma moja baada ya nyingine, kwa sababu masomo ya hiari ya shahada moja hujazwa na masomo ya lazima ya nyingine. Hapungukiwi na kiini cha upande wowote. Anachopoteza ni nafasi ya kuchukua vipindi rahisi vya kujaza ratiba. Yafaa pia kijana aelezwe mapema, bila kufichwa, kwamba shahada hiyo haimfanyi kuwa mhasibu aliyeidhinishwa. Atakayetaka cheo hicho atakalia mitihani ya Bodi kama wenzake wote.

Mwaka wa nne una gharama zake, na hapo ndipo maneno mazuri hukutana na mfuko. Mwanafunzi anayesomeshwa kwa mkopo ataongezewa deni la mwaka mzima, na atakapoajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake hadi liishe. Kwa mtoto wa mkulima hilo si jambo dogo. Kama shahada hizi zitaachwa kwa wenye wazazi wa kulipa ada, basi mchanganyiko wa sanaa na biashara utakuwa pambo la watoto wa mjini, na yule kijana wa Newala au Kasulu mwenye kipaji cha lugha na akili ya kuuza ataendelea kuambiwa achague. Bodi ya Mikopo na vyuo vinavyohusika havina budi kukaa pamoja juu ya suala hilo kabla ya kutangaza kozi yoyote, si baada.

Kuna kikwazo kingine, kidogo kwa umbo na kikubwa kwa madhara, nacho kiko mikononi mwa watumishi wa umma wenyewe. Ni miundo ya utumishi na matangazo ya kazi. Tangazo likisema linamtaka mwenye shahada ya jina fulani, karani anayepanga maombi hulitazama jina tu. Mhitimu mwenye masomo yote yanayotakiwa, pamoja na mengine ya ziada, hutupwa pembeni kwa kuwa cheti chake kina neno moja zaidi. Tena neno lenyewe, sanaa, lina bahati mbaya: bado wako wakubwa wa ofisi wanaoamini kwamba mwenye shahada ya sanaa amesomea kupiga ngoma. (Hata kama angekuwa amesomea hiyo, bado angeweza kuandaa bajeti.) Miundo hiyo hupitiwa upya mara kwa mara. Katika zamu ijayo ya kuipitia, Ofisi ya Rais inayoshughulikia utumishi wa umma ingeweza kuagiza kwamba sifa zitajwe kwa masomo aliyofaulu mwombaji na si kwa jina la shahada peke yake. Agizo hilo halihitaji fedha wala sheria mpya. Walimu wa kidato cha tano, wanaoulizwa na wanafunzi wao mwezi huu huu wachague nini, wangekuwa na jibu la kuwapa.