Chumvi, Mlima na Chungu cha Maharagwe

Wapo jamaa zetu wengi wa pwani ambao riziki imewapeleka Meru na Embu: huyu amepangiwa kazi ya ualimu, yule ameolewa huko, mwingine amefungua duka. Wafikapo, mengi huwapendeza, lakini jambo moja huwasumbua jikoni. Maharagwe ambayo Mombasa yalikuwa yakiiva kwa muda unaojulikana, huko hukawia, na makaa huteketea chungu kingali kinatokota. Hapo hutokea mwenye nia njema akatoa shauri: “Ongeza chumvi, maji yatapata moto zaidi.” Shauri hilo lina chembe ya ukweli, lakini chembe hiyo ni ndogo mno kuweza kukiivisha chungu, na yafaa tuipime.

Maji huchemka pale nguvu ya mvuke wake inapolingana na uzito wa hewa iliyoyalemea. Pwani, tulipo usawa wa bahari, hewa hiyo ni nzito, na maji huchemka kwenye nyuzi 100 za sentigredi. Mji wa Embu uko takriban mita 1,350 juu ya bahari, na mji wa Meru umepita mita 1,500. Katika kimo cha Meru hewa imepungua uzito kwa kiasi cha sehemu moja katika sita, na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Ukichochea moto, mapovu yatazidi na mvuke utapaa kwa wingi, lakini joto la maji halitapanda. Kwa hiyo maharagwe hayapikwi kwa nyuzi 100 tena, bali kwa 95, na upungufu huo wa nyuzi tano ndio unaorefusha muda wa kuiva.

Je, chumvi haiwezi kuzirudisha nyuzi hizo? Chumvi inapoyeyuka, kila chembe yake hugawanyika mara mbili, sodiamu na kloridi, na vijichembe hivyo hutawanyika majini na kupunguza nguvu ya maji kugeuka mvuke. Ndiyo maana maji ya chumvi hutaka joto zaidi kidogo ndipo yachemke. Mfaransa François-Marie Raoult aliitafiti kanuni ya jambo hili katika miaka ya 1880, akaonyesha kwamba kinachohesabika ni wingi wa vijichembe. Hii ndiyo sababu sukari, ambayo chembe zake ni kubwa na hazigawanyiki, hupandisha joto la kuchemka kidogo sana kuliko chumvi ya uzito uleule.

Sasa tutazame hesabu. Ili lita moja ya maji ipandishe kiwango chake cha kuchemka kwa uzi mmoja tu, hutakiwa gramu 58 hivi za chumvi. Kijiko kidogo cha chai, chenye gramu tano au sita, hupandisha sehemu moja ya kumi ya uzi. Hata maji ya bahari yetu, yenye gramu 35 hivi za chumvi kwa kila lita, hayapandi zaidi ya nusu uzi na ushei. Anayetaka kuzirudisha nyuzi tano zilizochukuliwa na mlima atahitaji kama robo kilo ya chumvi katika kila lita, yaani mara saba ya chumvi iliyomo baharini. Chakula hicho hakiliki.

Wapo watakaosema wameona kwa macho yao maji yakifoka mara tu yalipotiwa chumvi. Wamesema kweli, lakini kufoka huko hakuletwi na joto jipya. Chembe kavu za chumvi huyapa mapovu mahali pa kuanzia, yakaibuka kwa pamoja, kisha yakatulia.

Kosa hili lina gharama. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipitishe gramu tano za chumvi kwa siku, vyakula vyote vikihesabiwa. Anayezidisha chumvi kwa kutaraji chungu kiive upesi hapunguzi kuni wala makaa, bali anawaongezea walaji hatari ya shinikizo la damu.

Hata hivyo chumvi inayo kazi yake, nayo hufanyika kabla ya moto kuwashwa. Loweka maharagwe usiku kucha katika maji yaliyotiwa kijiko kikubwa cha chumvi kwa kila lita. Sodiamu huingia katika ganda na kuchukua nafasi ya kalisi inayolikaza, na ganda likalainika. Asubuhi mwaga maji hayo, suuza, kisha pika kwa maji mapya. Magadi nayo hulainisha upesi, lakini huharibu vitamini B1 na yakizidi huacha ladha ya sabuni. Funika chungu ili moto usipotee bure. Mwenye uwezo na anunue sufuria ya presha: huufungia mvuke ndani, na joto likapita nyuzi 110 hata huko mlimani.

Pana tahadhari mbili. Maharagwe mekundu mabichi yana sumu ya asili inayotapisha na kuendesha, nayo huondoka kwa kuchemshwa sawasawa. Usiyaache juu ya makaa yanayofifia ukidhani yataiva polepole. Yachemke kwa nguvu nusu saa kwanza, ndipo upunguze moto. Ama maji ya kunywa, asiogope mtu kwamba nyuzi 95 hazitoshi, kwa kuwa vijidudu vya maradhi hufa kabla ya kufika hapo. Yakitokota kwa mapovu makubwa yanatosha. Katika sehemu za juu zaidi, kama upande wa Timau ambako mashamba mengi yamepita mita 2,000, yaachwe yatokote kwa dakika tatu. Kuyatia chumvi hakuongezi usafi wowote.

Chumvi nyingi ya nchi yetu hutoka huku kwetu, katika mabwawa ya Gongoni na Marereni, kaskazini ya Malindi, ambako jua na upepo huyakausha maji ya bahari. Basi anayempelekea ndugu yake wa Meru au Embu pakiti ya chumvi hiyo, na amwambie pia wakati wa kuitumia: nyingi yake usiku katika maji ya kulowekea yatakayomwagwa, na kidogo mchuzini kwa ajili ya ladha.