Milio ya Angani Isiyofika Masikioni Mwetu

Ndugu msomaji, bila shaka umepata kukaa na jamaa zako jioni moja ya masika mkisikiliza taarifa ya habari, mara redio ikakwaruza na sauti ya msomaji ikamezwa. Mtoto akauliza, "Baba, redio imeharibika?" Nawe ukamjibu kuwa hiyo ni radi tu.

Jibu lako lilikuwa sahihi, ila halikuwa kamili. Mkwaruzo ule ni wimbi la umeme na sumaku lililozaliwa na radi, na safari yake haikomei kwenye redio yako. Dunia yetu ni sumaku kubwa, na nguvu yake imeenea angani kwa mistari iliyopinda mfano wa upinde, kutoka nusu ya kusini hadi nusu ya kaskazini. Sehemu ya wimbi la radi huweza kupanda juu ya hewa, ikafuata mstari mmojawapo kwa maelfu ya kilomita, kisha ikateremka upande wa pili wa dunia. Hivyo radi iliyopiga kusini kabisa mwa Afrika yaweza kunaswa Ulaya.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Mjerumani Heinrich Barkhausen alikuwa akitega mitambo ya kunasa mazungumzo ya simu ya maadui. Pamoja na maneno aliyoyatafuta, alisikia mluzi ulioanza juu na kushuka chini taratibu, hata askari wakaufananisha na mlio wa makombora yapitayo. Aliandika habari zake mwaka 1919. Maelezo kamili yalitolewa mwaka 1953 na Owen Storey wa Cambridge, Uingereza: katika safari ile ndefu mitetemo ya haraka hutangulia na ya polepole huchelewa, hivyo mshindo mmoja wa radi hugeuka mluzi mrefu.

Lakini si milio yote ya angani iletwayo na radi. Iko mingine inayozaliwa huko huko juu na chembe ndogo za umeme ziitwazo elektroni. Mmoja hufanana na ndege waimbao alfajiri, nao huvuma zaidi upande wa dunia unaopambazukiwa. Mwingine ni mvumo kama wa maji yanayoanza kuchemka katika birika. Sikio haliwezi kuisikia yenyewe, kwa kuwa ni mawimbi ya umeme na sumaku wala si ya hewa. Yataka waya wa kuyanasa na kipaza sauti.

Huenda ukauliza, yatuhusu nini sisi tunaohangaikia kodi ya nyumba na karo za watoto? Yatuhusu. Mwaka 1958 chombo cha Marekani, Explorer 1, kilichobeba kipimo cha James Van Allen, kiligundua kuwa dunia imezungukwa na mikanda ya chembe zenye nguvu kali. Katika mikanda hiyo hupita setilaiti zinazotuletea simu, televisheni na utabiri wa hali ya hewa. Mwezi Januari 1994 elektroni kali zilivuruga setilaiti mbili za Kanada, Anik E1 na Anik E2. Watu wa kaskazini ya nchi hiyo wakakatiwa simu na televisheni, na setilaiti ya pili ilichukua miezi kadhaa kurudishwa kazini.

Katika uchunguzi wa mikanda hiyo pwani yetu ya Afrika Mashariki nayo ina fungu lake. Tarehe 15 Novemba 1971 setilaiti ya Marekani iitwayo Explorer 45 ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, lililosimamishwa baharini karibu na Malindi, Kenya. Mahali hapo palifaa, kwa sababu chombo kirushwacho karibu na ikweta huweza kuzunguka juu yake na kukata katikati ya mikanda hiyo. Explorer 45 ilipima chembe na mawimbi kwa pamoja, ili ijulikane yanavyoathiriana.

Jibu lilizidi kuwa wazi baada ya vyombo viwili vilivyopewa jina la Van Allen kurushwa mwaka 2012. Katika dhoruba ya sumaku ya mwezi Oktoba mwaka huo, vipimo vyao vilionyesha kuwa milio ile ya alfajiri ndiyo iliyozipa elektroni mwendo ulio karibu na ule wa mwanga. Ni mithili ya upatu: elektroni nyingi huchangia wimbi nguvu kidogo kidogo, na chache zikaondoka na fungu kubwa. Mvumo wa birika, kwa upande wake, huzipotosha elektroni njia zikaangukia hewani na kupotea, na hivyo husaidia kuacha pengo baina ya mikanda miwili.

Basi, mlio mmoja huongeza hatari na mwingine huipunguza, na anayetaka kuzilinda setilaiti hana budi kuijua yote miwili. Barkhausen angeweza kuuhesabu mluzi ule kuwa kero ya mitambo, akaendelea na kazi ya vita. Hakufanya hivyo. Redio itakapokwaruza tena, ndugu msomaji, mweleze mtoto jibu lililosalia. Tukutane Jumapili ijayo.